Msumeno wa mkanda unapokata vibaya: kuanzia dalili hadi chanzo

Mwenye msumeno wa mkanda, yaani mashine ambayo bledi yake ni mkanda wa chuma wenye meno unaozunguka juu ya magurudumu mawili, akiona inakata upande, mara nyingi hukimbilia kukisogeza kiegemeo, yaani ile reli ya mezani inayoiongoza mbao. Ikianza kutetemeka, hukaza kila bolti anayoiona. Na bledi ikikatika, huilaumu bledi na kununua nyingine. Kila mojawapo ya hatua hizo inaweza kuwa sahihi, lakini zikichukuliwa kwa kubahatisha huiacha mashine na matatizo matatu badala ya moja, kwa sababu katika msumeno huu kila sehemu hupangwa kwa kuifuata sehemu iliyoitangulia. Miongozo ya ubavuni, yaani vipande vinavyoizuia bledi isiyumbe kushoto na kulia, huifuata bledi, bledi hukaa pale magurudumu yanapoiweka, na magurudumu hayawezi kuiweka mahali pake ikiwa haijatiwa mkazo wa kutosha. Kwa hiyo, dalili iwe ipi, uchunguzi uanze kwenye bledi yenyewe, kisha mkazo, kisha mwendo wa bledi juu ya magurudumu, kisha miongozo, kisha meza, na kiegemeo kiwe cha mwisho kabisa. Katika karakana ya nyumbani, ambako bledi moja hutumiwa kwa kila kazi mpaka ikatike, chanzo huwa ni bledi mara nyingi kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri.

Kabla ya kufungua chochote

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwa kuwa sehemu kubwa ya uchunguzi hufanywa kwa kulizungusha gurudumu la juu kwa mkono huku vidole vikiwa karibu na meno. Vaa glavu unapoishika bledi iliyokunjwa, na uzivue kabla ya kuiwasha mashine, maana glavu ikinaswa na meno huvuta mkono mzima. Fungua milango ya juu na ya chini, ondoa vumbi la mbao lililojaa humo, kisha irudishe nyuma miongozo yote, ya juu ya meza na ya chini yake, pamoja na beringi ya mgongoni, ile inayoizuia bledi isirudi nyuma, ili bledi izunguke bila kuguswa na kitu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: miongozo iliyobanwa huificha tabia ya bledi, na fundi hudhani inatembea vizuri kumbe inalazimishwa.

Badilisha jambo moja kwa wakati, kisha kata kipande cha mbao kisicho na thamani na uangalie matokeo. Ukigeuza mambo matatu kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua ni lipi lililoiponya.

Bledi inakata upande

Dalili ni hii: mbao imelazwa vizuri kwenye kiegemeo, mkono unaisukuma sawa, lakini njia ya bledi inaacha mstari na kwenda kushoto au kulia, ama mbao yenyewe inajitenga na kiegemeo. Chanzo cha kwanza cha kukitafuta ni meno. Meno ya bledi hupindwa kwa zamu, moja kushoto na jingine kulia, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko unene wa bledi. Meno ya upande mmoja yakiguswa na msumari, au na mwongozo uliosogezwa mbele kupita kiasi, hupoteza makali, nayo ya upande wa pili huendelea kula mbao kama kawaida. Matokeo yake ni kwamba bledi huvutwa kuelekea upande uliobaki na makali. Hakuna namna ya kukipanga kiegemeo kitakachoutibu ugonjwa huo kwa muda mrefu. Bledi hiyo inolewe na meno yake yapindwe upya, au itolewe.

Ikiwa bledi ni mpya na bado inakwenda upande, chunguza mahali inapokaa juu ya gurudumu. Katika mashine nyingi za nyumbani mpira uliovishwa gurudumu huwa na mgongo, yaani mwinuko mdogo, katikati, na bledi nyembamba inayotembea mbele au nyuma ya mgongo huo hukaa imeelekea pembeni kwa kiasi kidogo sana ambacho jicho halikioni, ila mbao hukionyesha. Zungusha gurudumu kwa mkono huku ukigeuza skrubu inayoliinamisha gurudumu la juu, robo mzunguko kwa wakati, hadi bledi itulie karibu na katikati. Mara nyingine marekebisho haya peke yake humaliza tatizo.

Likibaki, pima kiasi cha upotofu wenyewe. Piga mstari mnyoofu sambamba na ukingo wa mbao yenye urefu wa nusu mita hivi, iondoe reli, kisha kata kwa mkono ukiufuata mstari huo hadi katikati. Zima mashine bila kuisogeza mbao. Pembe ambayo ukingo wa mbao umekaa ukilinganishwa na meza ndiyo pembe ambayo bledi hiyo inapenda kukatia, na kiegemeo kinaweza kupangwa kuifuata. Njia hii ni halali, ila ichukuliwe kuwa ya muda, kwa kuwa pembe hiyo hubadilika kila bledi inapobadilishwa na hata bledi ileile inapoendelea kuchakaa.

Uso wa mkato umepinda kama ubavu wa pipa

Usichanganye dalili hii na ile iliyotangulia. Hapa mkato unafuata mstari vizuri juu ya mbao, lakini ukiupasua ubao mnene na kuutazama kwa ndani, uso wake una tumbo: bledi imejikunja katikati ya unene na kurudi. Sababu kuu ni nne, na mara nyingi mbili hushirikiana: mkazo hautoshi, meno ni butu, meno ni mengi mno kwa unene wa mbao, au mkono unasukuma kwa haraka.

La wingi wa meno ndilo lisiloeleweka sana, basi nilieleze zaidi. Kishimo kati ya jino na jino ndicho kinachobeba unga wa mbao kutoka ndani ya mkato hadi chini ya meza. Mbao ikiwa nene na meno yakiwa mengi, vishimo ni vidogo, hujaa kabla ya jino kutoka upande wa pili, na kuanzia hapo jino halikati tena bali linasugua. Mwenye mashine huhisi kuwa mbao imekuwa nzito, akasukuma zaidi, na bledi isiyo na pa kwenda mbele hujikunja ubavuni. Kwa kupasua mbao yenye unene wa milimita 100 au zaidi, bledi ya meno 3 kwa inchi hufanya kazi vizuri. Kwa kazi za kawaida meno 4 hadi 6 yanafaa. Na kwa mbao nyembamba sana meno 10 au 14. Kipimo cha upande wa pili ni kwamba angalau meno matatu yawe ndani ya mbao wakati wote, vinginevyo meno hunasa na kuichanachana.

Kuhusu mkazo, kile kipimo kilichochorwa kwenye mashine kisitegemewe peke yake. Springi inayokishikilia huchoka kwa miaka, na mshale huendelea kuonyesha namba ileile ingawa nguvu imepungua. Njia ya mkono ni kuuinua mwongozo wa juu hadi milimita 150 hivi kutoka mezani, kisha kuisukuma bledi kwa kidole kwenye ubavu wake wa bapa, kwa nguvu ya wastani: ikisogea zaidi ya milimita 6 au 7, mkazo haujafika. Ukiona miviringo ya springi imegusana yote na bledi bado inalegea, usiendelee kukaza, kwa kuwa skrubu sasa inaisukuma fremu yenyewe na si springi. Springi hiyo inahitaji kubadilishwa. Ili ile mpya isichoke mapema, legeza mkazo kila kazi inapoisha kwa siku kadhaa; mipira ya magurudumu nayo itashukuru, kwani bledi iliyoachwa imekazwa huichimba mahali pamoja.

Bledi inatoka kwenye magurudumu

Bledi inayochomoka mara tu mashine inapowashwa ina sababu tofauti na ile inayochomoka katikati ya kazi. Ya kwanza karibu kila mara hutokana na mkazo mdogo au mwinamo mbaya wa gurudumu la juu, na ingegunduliwa kama gurudumu lingezungushwa kwa mkono mizunguko kumi kabla ya plagi kurudishwa. Ya pili hutokea hasa mtu anapoirudisha mbao nyuma kutoka kwenye mkato wa mviringo huku mashine ikizunguka: beringi ya mgongoni huizuia bledi isirudi nyuma, lakini hakuna kinachoizuia isivutwe mbele. Ukilazimika kurudi nyuma, zima mashine na usubiri isimame kabisa. Afadhali zaidi, kata kwanza mikato mifupi ya kupunguza taka, ili mkato mrefu uwe na njia ya kutokea.

Ikiwa bledi inatangatanga mbele na nyuma hata inapozungushwa kwa mkono, tazama mipira. Pitisha ukucha juu yake: mpira mzuri unarudi unapobonyezwa, wa zamani ni mgumu, una nyufa na mfereji mahali bledi ilipozoea kupita. Ulimbo wa mbao uliochanganyika na vumbi hujenga matuta juu ya mpira, hasa kwenye gurudumu la chini, na matuta hayo yaweza kukwanguliwa kwa kipande cha mti bila kuukata mpira. Mpira uliochakaa haufanyiwi ukarabati. Ondoa wote, safisha gundi ya zamani hadi chuma kionekane, kisha vuta mpya wenye kipimo cha gurudumu lako. Ile ya poliyurethani hulainika ikiwekwa kwenye maji ya moto kwa dakika chache na huingia bila vita kubwa.

Mwisho shika gurudumu la juu kwa mikono miwili, bila bledi, na ulitikise. Likicheza, beringi zake zimekwisha, na hakuna skrubu itakayoisaidia bledi kutulia.

Sauti ya kugonga na mtetemo

Sauti hueleza mengi kwa anayeihesabu. Chukua mashine yenye magurudumu ya kipenyo cha milimita 350 hivi na bledi yenye urefu wa karibu mita 2.4: mzingo wa gurudumu ni takriban mita 1.1, kwa hiyo gurudumu huzunguka zaidi ya mara mbili kabla bledi haijamaliza mzunguko mmoja. Weka alama ya chaki kwenye gurudumu na nyingine kwenye bledi, chomoa plagi, zungusha kwa mkono polepole, na usikilize. Mlio wa kugonga ukisikika mara moja kwa kila mzunguko wa bledi, kosa liko kwenye bledi, na mara nyingi ni kiungo kilichochomelewa: kina nundu, au ncha mbili hazikunyooka zilipounganishwa. Nundu ndogo mgongoni yaweza kusawazishwa kwa jiwe la kunolea, lakini kiungo kilichopinda kirudishwe kwa aliyekichomelea. Ukisikika kwa kila mzunguko wa gurudumu, kosa liko kwenye mpira au kwenye gurudumu lenyewe.

Mlio wa kugonga unaoanza ghafla kwenye bledi iliyokuwa kimya jana haupaswi kuvumiliwa hata kwa mkato mmoja zaidi. Mara nyingi ni ufa unaofunguka kila unapopita kwenye miongozo, na bledi hiyo iko karibu kukatika.

Mtetemo usio na mlio wa kugonga hutafutwa kwa kuigawa mashine. Ondoa bledi, funga milango, washa. Ukiisha, tatizo lilikuwa bledi, mkazo au gurudumu la juu, ambalo halizunguki bila bledi. Ukibaki, zima, chomoa plagi, toa belti na uwashe mota peke yake. Ukibaki tena, ni mota au bolti zake, na ukiisha, ni belti, pulii au gurudumu la chini. Belti iliyokaa miezi bila kutumika hushika umbo la pulii na kuitikisa mashine kwa dakika chache za mwanzo kisha ikatulia. Hiyo si hitilafu kubwa, ingawa belti yenye nyufa itolewe.

Moshi, alama nyeusi na mkato mzito

Mbao ikiungua, wengi husema meno ni butu, na kwa kawaida wanasema kweli. Lakini kabla ya kuitupa bledi, ioshe. Ulimbo mkavu ubavuni mwa meno huongeza msuguano kiasi cha kuifanya bledi yenye makali ionekane imekufa, nao hutoka kwa brashi na maji ya moto yenye magadi, au kwa mafuta ya taa, mradi bledi ikaushwe vizuri na ipakwe mafuta kidogo kuzuia kutu.

Sababu ya pili ni kuilazimisha bledi pana ikate kona ambayo haiwezi. Bledi ya milimita 6 hukata mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi, ya milimita 10 huhitaji takriban 37, na ya milimita 13 huhitaji karibu 64. Chini ya vipimo hivyo mgongo wa bledi husugua ukuta wa mkato, moshi hutoka, na bledi hujipinda mpaka ivunjike.

Sababu ya tatu naitaja kwa aibu kidogo. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikirekebisha mkazo na miongozo ya mashine yangu iliyokuwa ikitoa moshi kwa bledi mpya kabisa, mpaka nilipoyatazama meno na kuona yanaelekea juu. Bledi hufungashwa ikiwa imekunjwa mara tatu, na ikifunguka inaweza kugeuka nje ndani. Meno yanapaswa kuelekea chini, kwenye meza, na kumwelekea anayekata. Yakielekea juu, hakuna namna ya kuizungusha itakayosaidia isipokuwa kuigeuza bledi yenyewe, sehemu ya ndani ije nje, kazi inayohitaji glavu na utulivu.

Bledi zinakatika mara kwa mara

Usiitupe bledi iliyokatika kabla ya kuisoma. Ikiwa imekatika kwenye kiungo na sehemu nyingine zote ni nzima, kiungo kilikuwa kibaya. Ikiwa kuna nyufa ndogondogo kwenye vishimo vya meno vingi, bledi imechoka kwa kukunjwa na kunyooshwa, na hilo huharakishwa na unene wake: kanuni ya zamani ni kwamba unene wa bledi usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu, ingawa bledi nyingi zinazofungwa kwenye mashine ndogo huwa na milimita 0.5 au zaidi. Mwenye mashine ndogo akubali basi kwamba bledi zake zitaishi muda mfupi, au atafute nyembamba. Nyufa zikianzia mgongoni, angalia beringi ya mgongoni: imekwama, au imechimbwa mfereji, au imewekwa ikiigusa bledi wakati wote hata isipokata.

Hapa ndipo mpangilio wa miongozo unapohitaji vipimo. Beringi ya mgongoni ikae nyuma ya bledi kwa takriban nusu milimita, ili iguswe pale tu mbao inaposukumwa. Miongozo ya ubavuni iwe na nafasi ya unene wa karatasi moja kila upande, na sehemu yake ya mbele ikae nyuma kidogo ya vishimo vya meno, karibu milimita moja, hata wakati bledi imesukumwa hadi ikaigusa beringi. Ikipita hapo, meno hupoteza mpindo wake katika sekunde chache. Miongozo ya chini ya meza ipangwe kwa uangalifu uleule. Kwa kuwa haionekani, hupuuzwa, na bledi hulipa.

Kona si mraba

Bledi ikiwa tayari imekazwa, weka skwea juu ya meza na uiegemeze kwenye ubavu wa bledi, si juu ya meno yaliyopindwa. Kipimo kizuri zaidi hakihitaji skwea: kata kipande kinene kwa kina cha sentimita mbili, zima, kigeuze juu chini, kisha ulete mkato huo nyuma ya bledi. Mgongo wa bledi ukiingia ndani ya mkato bila kugusa, meza ni mraba. Usipoingia, tofauti unayoiona ni mara mbili ya kosa halisi, kwa hiyo inamisha meza kwa nusu yake tu.

Mota inanguruma bila kuzunguka

Zima mara moja, kwa sababu mota iliyokwama huungua katika muda mfupi. Chomoa plagi na uzungushe gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, kitu kimenasa kati ya gurudumu na fremu, mara nyingi kipande cha mbao kilichoanguka kupitia tundu la meza. Likizunguka kwa wepesi, na mota ni ya fezi moja, shuku kapasita ya kuwashia au swichi ya ndani iliyoziba kwa vumbi. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kutolewa, kwa hiyo asiye na ujuzi wa umeme asiifungue.

Mota isiyotoa sauti yoyote huenda inazuiwa na swichi ya mlango ambao haukufungwa vizuri. Ile inayowaka lakini ikapoteza nguvu mbao inapoguswa ichunguzwe belti iliyolegea, na pia waya mrefu mwembamba wa kuunganishia, ambao hupunguza volti na kuipasha mota moto. Ukiijaribu mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani na nguvu ikarudi, mota ni nzima na waya ndio wa kubadilishwa.